Wastani Wangu kwa Mama Mwende

Mimi ndiye huwaunganishia intaneti wapangaji wa ploti moja ya ghorofa hapa mtaani Mowlem, wote kwa laini moja. Mama Mwende wa orofa ya tatu alilalamika: kila jioni akiongea na bintiye aliye ng'ambo, picha inaganda. Nikapanda na laptopu, nikaonyesha grafu ya matumizi ya laini mbele ya majirani.

"Mama, wastani wa siku nzima ni robo tu ya uwezo wa laini. Shida ni hiki kitambaa ulichofunikia kifaa cha intaneti."

Akakiondoa, akakikunja kwa aibu. Nikajiona profesa.

"Kijana," akasema, "ukipima siku nzima, hata mfereji wetu hauna foleni. Umewahi kuchota maji asubuhi?"

Kidole chake kilikuwa kwenye grafu, saa moja jioni, wapangaji wote wakiwa wamerudi, pale mstari wangu ulipogonga dari.

Akakikunjua kitambaa, akakirudisha juu ya kifaa.