Totka na Watoto wa Chumba cha Kufulia

Mimi chumba kile nilikitaka kwa ajili ya kabichi zangu. Naanza na hilo mapema, nisije nikaonekana mtu mwema.

Jengo letu, namba kumi na nne, lina ghorofa nane, na chini kabisa kuna chumba kilichojengwa kwa kazi ya kufulia. Zamani wanawake walikuwa wakishuka na mabeseni, wanafua nguo na majina ya watu kwa pamoja. Kila nyumba ilipopata mashine yake, chumba kikaachiwa mende na bomba moja linalodondoka. Mimi Kyosev ni mwenyekiti wa jengo kwa mwaka wa kumi na tisa, maana hakuna mwingine anayeitaka kazi hiyo, na niliona wazi kwamba Mungu amenitengea mahali pa kuchachulia kabichi za majira ya baridi. Nilipoteremka na pipa la kwanza nikamkuta Totka Burmova amepiga magoti, anasugua sakafu.

"Jirani, hilo pipa lirudishe kwako," akasema bila kugeuka. "Hapa watoto watachora."

"Watoto gani?"

"Hao wanaokukwaruzia lango kwa misumari. Nitawapa brashi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mwenyekiti. Si huyo amesimama mlangoni ananizibia mwanga? Ruhusu basi, upishe."

Totka alikuwa na miaka sitini na minane, mkavu kama ubao, sigara haimtoki mdomoni. Kwa miaka thelathini alikuwa mchoraji wa kiwanda cha pampu. Siku hizo kila kiwanda kilikuwa na mchoraji wake, kama kilivyokuwa na mpishi. Kazi yake ilikuwa kuandika maneno makubwa mekundu juu ya vitambaa: MBELE, JUU ZAIDI, KWA PAMOJA. Mwenyewe husema aliandika MBELE mara nyingi hata akasahau ni upande gani. Kiwanda kilipokufa, pampu ziliuzwa kama chuma chakavu, vitambaa vikawa vya kupigia deki, na Totka akabaki na pensheni na sanduku la brashi.

"Hakuzaa, sasa anataka kuzaa kwa kopo la rangi," alisema Vyara wa ghorofa ya tatu. Vyara mwenyewe amezaa watatu. Wote wako Uhispania, na hata Pasaka hawampigii simu.

Mwanzo walikuja watoto wanne. Theluji ilipoanguka walikuwa kumi na saba, wengine kutoka ng'ambo ya reli, kule ambako watu wa jengo letu hawaendi ila kununua mbao za bei rahisi. Vyara akaniwahi kwenye ngazi.

"Mwenyekiti, wale wa ng'ambo ya reli wataiba!"

"Wataiba nini, Vyara? Bomba linalodondoka?"

"Balbu za ngazi zinapotea, hujui?"

Nilijua. Nitalifikia.

Karatasi zilitoka kwenye mabango ya uchaguzi. Kila kampeni ilipokwisha, Totka alizunguka mtaani na kisu, anabandua wagombea ukutani na kuwaleta wameviringishwa kwapani. "Hawa wana faida upande mmoja tu," alisema, "ule wa nyuma."

Kanuni ilikuwa moja: chora unachokiona, si unachokijua. Mtoto akichora jua linalotabasamu pembeni mwa karatasi, Totka alimsimamia. "Lini jua limekuchekea wewe? Leo Januari. Tazama nje. Liko wapi?" Mtoto anatazama, anafuta jua. Wengine walilia. Kesho yake walirudi, kwa sababu nyumbani waliambiwa kila wanachochora ni kizuri, na mtoto si mjinga, anajua anapodanganywa.

Mwezi Machi, tulipokuwa tumefunga vifundoni mwa mikono nyuzi zetu nyekundu na nyeupe za kukaribisha majira mapya, Totka akatangaza maonyesho. Alitundika michoro kwenye ukuta wa ngazi, toka chini hadi ghorofa ya nane. Tukapanda kuitazama, tumejiandaa kusifu.

Vyara alikuwa pale ukutani, na masharubu yake yote. Watoto hawakumpunguzia hata unywele. Injinia Dragiev wa ghorofa ya sita alikuwa nyuma ya gereji, mgongo kwetu, miguu imepanuka, na kijito kinatiririka kwenda kwenye gari la jirani. Na kwenye ghorofa ya nne nilikuwepo mimi. Nimepanda ngazi ya mbao, mkono mmoja unafungua balbu darini, na mfuko wa koti umevimba kwa balbu nyingine mbili. Chini pameandikwa: Fidanka, miaka tisa.

Mkutano wa wakazi uliitishwa jioni ileile. Sijawahi kuona umoja wa namna ile: kila mtu alikasirikia mchoro wake na kufurahia wa mwenzake.

"Nilikuwa nazitoa nizisafishe!" nikapaza sauti.

"Ndiyo maana kwako kunang'aa, mwenyekiti!" akajibu Dragiev, na hata walionizidi kwa wizi wakacheka.

Nikashuka kwa Totka. "Unawafundisha watoto kutukana wazee!"

"Walichora nini ambacho hakikuwepo?" akauliza. Akanisogezea kiti cha kitoto, nikakaa, magoti yakanifika kidevuni. Ndipo akanieleza jambo ambalo katika miaka yote ya ujirani hakuwahi kunieleza. Akiwa na miaka ishirini na sita aliambiwa amchore mkurugenzi wa kiwanda, picha kubwa ya ukumbini. Mkurugenzi alikuwa na chunjua kando ya pua, kubwa kama dengu. Totka akaichora. Wakamwambia aifute, akasema ikitoka usoni kwa mwenyewe, naye ataitoa kwenye picha. Wakamtoa yeye. Miaka miwili alipaka mabomba rangi ya kijivu, nje, katika baridi. Mwaka wa tatu aliomba kurudi, akaifuta chunjua.

"Na ndiyo picha mbaya kuliko zote nilizowahi kuchora," akasema. "Alifanana na yai. Alinipa saa ya ukutani kwa kuipenda. Sasa nenda zako, jirani, unakalia kiti cha mtu."

Ningekuwa mtu wa hadithi njema, ningetoka pale nimebadilika. Nilipanda kwangu nikaandika barua ya malalamiko kwenda ofisi ya manispaa. Niliipiga kwa taipureta bila kutia jina, na mtaa mzima ukajua ni yangu, kwa sababu ni mimi tu niliyebaki na taipureta.

Barua ilizunguka mezani kwa watu miezi mitano. Mwisho ikamfikia naibu meya wa utamaduni na michezo, Bwana Zahariev, aliyekuwa anagombea umeya msimu huo. Zahariev hasomi barua, huidokoa. Akadokoa neno "watoto", akadokoa neno "michoro", akaagiza mpiga picha. Hivyo malalamiko yangu yakatuletea ugeni.

Alikuja Septemba, wakati jengo zima liko nje linachoma pilipili hoho za kuweka kwenye chupa. Yalifika magari matatu, yamebeba fulana kumi na saba zenye jina lake, rangi mpya, na karatasi nyeupe ambazo hazikuwa na mgombea nyuma. Kulikuwa na manyunyu. Kijana mmoja alimshikia mwavuli, yeye mwenyewe kijana analowa.

"Watoto wangu wapendwa!" akasema Zahariev. "Leo nichoreeni mji wetu wa kesho!"

"Hawa hawachori kesho, mheshimiwa," Totka akasema. "Kesho hawajaiona."

Zahariev akacheka, kwa kuwa kamera ilikuwa inamtazama. "Basi wachore leo! Nitakaa nao, tena hapahapa!"

Alikaa dakika arobaini. Msaidizi wake akaikusanya michoro na kuiviringisha bila kuitazama, kama mtu anayekusanya shuka za kufua, akaipeleka moja kwa moja kwa fundi wa fremu. Ijumaa tukaalikwa ukumbi wa mji. Kwaya iliimba, meya anayeondoka alipiga miayo, Zahariev akavuta pazia.

Ukutani walikaa Zahariev kumi na saba. Mmoja anapekua simu chini ya meza huku mtoto akimsomea shairi. Mmoja amesinzia, kidevu cha pili kimelala juu ya tai. Mmoja anachomoa pilipili kwenye sinia langu na kuzisukuma mdomoni mbilimbili. Alikula kumi na moja, nilihesabu. Mwingine amekauka vizuri chini ya mwavuli, kando ya kijana aliyelowa hadi viatu. Mchoro wa Fidanka ulikuwa katikati, karatasi imegawanywa kwa mstari: upande huu uso wakati kamera inatazama, upande ule uso kamera ilipogeuka. Ule wa pili ulikuwa kama nyumba iliyozimwa taa.

Watu wakasogea karibu na ukuta. Kisha mtu mmoja akapasuka kwa kicheko kule nyuma, naye alikuwa dereva wake. Baada ya hapo hakuna aliyejizuia. Kwa siku mbili watu walipanga foleni mpaka barabarani. Siku ya tatu ikatangazwa kwamba ukumbi una matengenezo.

Jumatatu iliyofuata wakaguzi watatu walikishukia chumba cha kufulia. Wa afya aliandika kwamba kuta zimejaa unyevu, maji yanatiririka, ukungu umefika darini. Wa zimamoto aliandika kwamba chumba hichohicho kiko tayari kushika moto wakati wowote. Wa tatu alikanyaga rangi ya buluu, akaandika kwa hasira mambo ambayo sikuweza kuyasoma. Kisha msaidizi wa Zahariev akaja kwangu na karatasi: sisi wakazi tunaomba chumba kifungwe.

"Tia sahihi hapa, babu. Si wewe uliyeandika ile barua?"

Ningependa kusema dhamiri ilinigusa. Ukweli ni kwamba alikuwa amechora msalaba wa penseli mahali pa kusaini, kama anayemwelekeza asiyejua kusoma. Mimi nimefundisha jiografia miaka thelathini na minne.

"Babu yako yuko kwenu," nikamwambia, nikafunga mlango.

Haikusaidia kitu. Vyara alisaini kwa niaba ya wakazi. Ana mwandiko mzuri. Chumba kikabandikwa karatasi yenye muhuri. Totka akasimama mbele ya karatasi hiyo, anavuta sigara, watoto wamemzunguka.

"Herufi mbaya," akasema. "Hata nafasi kati ya maneno hawajui kuipima." Kisha akanigeukia. "Jirani, ngazi ni za nani?"

"Za wakazi wote."

"Kuna kanuni inayokataza mkazi kukaa kwenye ngazi na wageni wake?"

Nilipanda kwangu, nikazisoma kanuni za jengo kwa mara ya kwanza tangu niwe mwenyekiti. Nikashuka. "Hakuna," nikasema.

Tangu siku hiyo wanakaa kwenye ngazi, wawili wawili kila kona, vikopo vya maji pembeni, na sisi tunapita tukiinua miguu kama korongo. Vyara akipita hufunika mdomo kwa kitambaa.

Oktoba mji ukapiga kura, na Zahariev akashinda duru ya kwanza, tena kwa kishindo. Watu walewale walioshika mbavu kwa kicheko ukumbini walikwenda wakamchagua. Nilimpelekea Totka habari kwa sauti ya chini, kama napeleka ya msiba. Alikuwa anaosha brashi.

"Na wewe ulimpigia nani?" akauliza.

Nikatazama pembeni. "Aliahidi kututengenezea lifti."

Totka alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, ikabidi Fidanka ampige mgongoni. "Lifti!" anasema, anafuta machozi kwa mkono wenye rangi. "Lifti, masikini!"

Huu ni mwaka wa pili, na lifti ingali imesimama kati ya ghorofa ya tano na ya sita. Jana nilikuwa napanda na mfuko wa vitunguu vya liki na mkate, pumzi inanikatika, nikafika pale Fidanka alipokaa na ubao wake wa kuchorea mapajani.

"Babu Kyosev, simama hapohapo. Usishushe mguu."

"Nina haraka, mwanangu."

Akanitazama, kisha akautazama mfuko, kisha akanitazama tena.

"Huna," akasema.

Nikasimama.