Askari Hataki Wageni

Siku Bibi Anande alipoteremka kutoka Nkoaranga kuja mjini kwa mwanawe Elinami, pale Kijenge, alimbeba paka wake jike, Askari, ndani ya kiroba. Jirani yake Vaileth alimsihi amzungushe kwanza, maana watu wa mlimani ndivyo wafanyavyo: paka akizungushwa kirobani hupotewa na njia, akatulia ugenini. Bibi alikataa katakata. "Nimzungushe ya nini? Tunakwenda kutibiwa mguu, halafu tunarudi."

Mguu ulipona, kurudi kukawa hadithi. Mara gari bovu, mara barabara ina utelezi. Elinami si mtoto mbaya, tena anampenda mama yake, na shida iko hapo hapo. Mtu akikufungia kwa chuki utapiga kelele. Akikufungia kwa mapenzi utamwambia nini? Kila asubuhi yeye na mkewe Irine walikwenda kazini wakafunga geti kwa nje, eti kwa usalama wa Mama, naye akabaki anautazama ukuta. Ilikuwa Julai, kahawa zake zinaiva bila mchumaji.

"Mgeni siku mbili, baba," alimwambia mwanawe mezani. "Ya tatu mpe jembe. Na jembe langu liko Nkoaranga."

"Utazoea tu, Mama."

Ndipo Irine alipoleta vitoto viwili vya paka kwa ajili ya binti yao, Princess. Lo! Askari alivimba mkia, akafoka, akakizaba kimoja kofi, kisha akahamia juu ya kabati. Aliposhuka, alishuka kukojolea viatu vya Irine vya kanisani.

"Huyu paka ana roho mbaya," Irine alisema. "Baba Princess, kama hatazoea mpaka Jumapili, mrudishe mlimani."

"Akirudi, narudi naye," Bibi alidakia. "Nani atamlisha kule?"

Elinami alicheka, akashusha pumzi. "Haya. Akishindwa kuzoea, nitawapeleka wote wawili."

Bibi nusura apige vigelegele. Dawa ya ugomvi ule aliijua vizuri. Paka hutambuana kwa harufu; vifute vitoto kwa nguo anayolalia mkubwa, viweke mbali naye kidogo, mwenyewe atalainika. Nyumbani kwake alishapatanisha paka wengi kwa njia hiyo. Safari hii alifunga mdomo. Tena alichochea moto: sahani ya vitoto aliisogeza hadi chini ya pua ya Askari, na Askari alipofoka, alimsifu. "Hivyo hivyo, mama. Usilegee." Kiroba alikifua, akakianika.

Jumamosi iliamka na ukungu na manyunyu. Elinami alikuwa kazini, Irine na Princess wamekwenda sokoni, geti limefungwa kama kawaida. Kitoto kidogo kilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kufulia. Bibi alikitoa kimelowa chapachapa, kinatetemeka, kinafumbua mdomo bila sauti. Alinyakua nguo iliyokuwa karibu, akakifuta, akakifunga, akakikumbatia kifuani mpaka joto likarudi.

Alipokiweka chini ndipo alipoiona ile nguo. Ilikuwa khanga yake kuukuu, ambayo Askari aliilalia tangu Nkoaranga. Alikuwa amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Askari alishuka kabatini taratibu. Alinusa kitoto, akanusa tena, akainua mkono.

"Mpige," Bibi alinong'ona, na papo hapo akauonea haya ulimi wake.

Askari alikikandamiza kitoto chini, akaanza kukilamba masikio.

Jioni Princess alirukaruka kwa furaha. Elinami alimshika mama yake bega. "Si nilisema? Hata Askari kazoea."

"Kazoea, baba," alijibu, kwa sababu ilikuwa kweli.

Aliingia chumbani na kiroba chake kikavu mkononi. Askari alikuwa amelala juu ya khanga, vitoto vyote viwili vimejibanza tumboni mwake, anakoroma kwa raha. Bibi aliketi ukingoni mwa kitanda, na machozi, aliyoyazuia tangu mguu upone, yakamtoka.

"Sikukuzungusha hata mara moja," alimwambia. "Njia umeisahauje?"