Masharubu ya Wanja

Juzi nilisikia harufu ya poda nzito ya jukwaani katika duka moja la Tensta, kitongoji cha Stockholm, nikajikuta tena msichana mdogo mwenye masharubu ya wanja.

Aliyenichora masharubu hayo alikuwa jirani yetu wa mtaa wa Husby, mama Mpakistani. Kwao aliwahi kuwa nyota wa tamthilia za televisheni, kisha mwanamke wa kwanza kituoni kuwa mwongozaji. Mkurugenzi wa kituo aliichukua tamthilia yake bora, akaitia jina lake mwenyewe, kisha akamfukuza.

Sasa mkurugenzi huyo alikuwa amekuja Stockholm. Wapakistani wa hapa walimwandalia sherehe, wakamwomba jirani yetu alete igizo la watoto. Alikubali haraka mno.

"Huyu mtoto wangu ataigiza nani?" mama yangu aliuliza, nami nikamtafsiria jirani kwa Kiswidi.

"Mwizi," alijibu, huku akinipaka poda.

Igizo halikuwa na maneno. Alikuwa amenifundisha kutembea nimetanua mabega na kukohoa kikohozi kikavu. Jukwaani nilimpokonya msichana aliyeigiza mwongozaji karatasi zake, nikaandika jina langu juu, nikakohoa. Watu walicheka. Ndipo mkurugenzi, mgeni wa heshima, naye akakohoa, kikohozi kilekile, na watu wakaanza kutazamana.

Jirani yetu alimwendea, akamwinamia, akamnong'oneza kwa lugha yao. Baadaye alinieleza alichosema: "Kaa vizuri. Tunarudia kutoka mwanzo."

Tukarudia. Safari hii hakuna aliyenitazama mimi.