Siku Thelathini za Bi Masjala

Ukiwauliza watu wa baraza letu la mji habari za ile ardhi ya kambi, watakwambia Bi Masjala ndiye aliyetuuza. Mimi ni bwana afya wa baraza hilohilo, nilikuwepo tangu mwanzo, na nasema wazi kwamba huo ni uongo wa watu wanaotafuta pa kufutia mikono. Lakini kwamba jambo lile lilipitia mikononi mwake, hilo ni kweli, na mwenyewe hajawahi kulikana.

Tulimwita Bi Masjala kwa sababu alikaa masjala miaka ishirini na saba. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, kando ya vyoo, kimejaa rafu za chuma na majalada yaliyofungwa kwa kamba. Barua yoyote iliyoingia barazani ilipitia kwenye kidirisha chake. Aliigonga muhuri wa tarehe, akaiandika kwenye daftari la barua zinazoingia, akaitia kwenye jalada, ndipo ikapelekwa kwa mhusika. Muhuri aliugonga mara moja tu, ukasimama wima, wino umekolea. Ukimkuta koridoni ukataka kumpa barua mkononi, hakuipokea. "Nenda dirishani, baba, nakuja," angekwambia, kisha azunguke mlangoni, aketi, akukaribishe kama ndiyo kwanza anakuona. Tulimcheka sana. Hata hivyo, miaka yote ile hakuna aliyesema barua yake imepotea.

Kambi ya jeshi ilikuwa katikati ya mji. Ilipojengwa ilikuwa pembeni, mji ukakua ukaizunguka. Kisha tukasikia jeshi linahama, na ardhi yake yote atapewa mwekezaji ajenge maghorofa, maduka na uwanja wa gofu. Madiwani wakashangilia wiki nzima. Wiki ya pili wakatutuma wataalamu tukaangalie, na shangwe ikaishia hapo. Mhandisi alipima mitaro akasema mvua ya siku moja ingeyashusha maji yote ya maghorofa hayo kwenye mitaa ya chini. Mimi nilichota maji ya visima vitatu karibu na ghala la mafuta la kambi. Yalikuwa na utando juu na yananuka kama gereji. Askari mmoja mstaafu alitusindikiza hadi uwanja wa shabaha, akatukataza kuacha njia. Alisema kuna mabomu yaliyofukiwa mle bila kulipuka, na aliyejua yamefukiwa wapi ameshakufa.

Kubwa kuliko yote ni mtaa wa uzioni. Ni ukanda mwembamba nje ya uzio wa kambi, una kaya mia mbili na arobaini. Kwenye ramani ukanda ule ni mali ya jeshi. Watu wake ndio waliokuwa wakilima pale kambi ilipojengwa. Waliondolewa, na afisa mmoja akawaambia kwa mdomo, "Kaeni hapa." Wakakaa, na sasa ni zaidi ya miaka hamsini. Mama yake Bi Masjala alihamishiwa pale akiwa bi harusi wa miezi miwili. Bi Masjala alizaliwa pale, na bibi kizee yule anaishi katika nyumba ileile hadi leo, peke yake, hataki kusikia habari ya kukaa kwa mtoto.

Tuliandika wasiwasi wa baraza kurasa kumi na nne. Wa kwanza kabisa ulikuwa huo: ukanda wa uzioni utolewe kwenye mradi, na wenyewe wapewe hati. Nilimwonyesha Bi Masjala ukurasa ule. Aliusoma mara mbili, amesimama.

"Bwana afya," akasema, "Mungu akupe umri."

Ilibaki kuupeleka wizara ya ardhi tu. Hapo mwanasheria wetu akainua kidole. Sheria, alisema, inataka wizara ituandikie kwanza, ndipo tujibu ndani ya siku thelathini. "Tukijibu kabla ya kuulizwa watatwambia nani kawauliza, na karatasi zetu zitaishia kapuni." Basi tukasubiri barua. Kila nilipopita masjala nilichungulia.

"Bi Masjala, barua ya wizara imekuja?"

"Bado, bwana afya. Ikija utakuwa wa kwanza kujua."

Ilikuwa imekuja.

Ilikuja Jumanne asubuhi, wiki mbili baada ya mkurugenzi wetu kuhamishwa. Ililetwa na askari wa pikipiki, bahasha ndani ya bahasha, ya ndani imegongwa SIRI kwa wino mwekundu. Wizara ilikuwa imeipitishia jeshini kwa sababu ardhi bado ilikuwa yao, na jeshi hugonga SIRI hata kwenye mwaliko wa mpira. Sitanii. Mwaka mmoja walitualika mechi ya kirafiki, barua ikafunguliwa siku nne baada ya sisi kutangazwa tumeshindwa kwa kutofika uwanjani.

Kanuni ya masjala ni kwamba karani hafungui bahasha ya siri. Anaandika tarehe, saa na ilikotoka, anagonga muhuri juu yake, na anaitumbukiza kwenye tundu la sefu iliyojengewa ukutani. Ufunguo wa sefu ni mmoja, na ni wa mkurugenzi. Mkurugenzi aliyehama alikuwa hajakabidhi ofisi. Naye kaimu wake alikataa kupokea hata ufunguo mmoja kabla vifaa vyote havijakaguliwa, kwa sababu kuna kiyoyozi kilikuwa kimetoweka na hakutaka kije kumwangukia yeye. Ufunguo ukakaa mji mwingine, mfukoni mwa mtu aliyekwisha kutusahau.

Msidhani Bi Masjala alinyamaza. Alimwandikia kaimu dokezo: kuna bahasha moja ya siri kutoka jeshini, inasubiri kufunguliwa. Kaimu akaandika chini yake, "Nimeona." Wiki iliyofuata akamwandikia tena, likarudi na "Nimeona." La tatu lilirudi na "Nimeona, asante." Nimeyashika madokezo hayo kwa mkono wangu, na mpaka leo nikimwona kaimu yule njiani navuka barabara. Lakini nami nisijitoe. Nilikuwa nauliza barua ya wizara. Bi Masjala, aliyekatazwa na kanuni kuitaja bahasha ya siri kwa mtu yeyote isipokuwa mkuu wa ofisi, alinijibu ukweli mtupu kwamba ya wizara haijaja. Hakujua kilichomo. Ningeuliza tu kama kuna kitu chochote kutoka kambini, pengine ningemwona usoni. Sikuuliza.

Mkurugenzi mpya aliripoti, makabidhiano yakafanyika, kiyoyozi kikasamehewa, sefu ikafunguliwa. Ilikuwa siku ya thelathini na tatu. Alituita mimi, mhandisi na mwanasheria, kisha akamwita Bi Masjala, akatusomea barua. Ilikuwa fupi. Baraza lilete maoni yake ndani ya siku thelathini tangu kupokea barua. Lisipoleta, litahesabiwa limeridhia mradi kama ulivyo. Na juu ya bahasha ulikuwepo muhuri, wima, tarehe tatu, unasomeka ukiwa mlangoni.

"Nisomee tena hapo mwisho, mkuu," Bi Masjala akasema.

Akasomewa tena. Alishika mgongo wa kiti changu.

Mwanasheria akaivuta bahasha kwake. Alisema ushahidi wa siku tuliyopokea ni muhuri na daftari tu, na vyote viwili viko kwetu. "Hiyo tatu ikifungwa upande wa kushoto inakuwa nane, Bi Masjala. Bahasha tutagonga nyingine. Tarehe nane, leo tuko siku ya ishirini na nane, tunajibu tukiwa na siku mbili mkononi." Mkurugenzi mpya alitazama dirishani. Alisema yeye ni mgeni na hajasikia kitu.

Nilimfuata Bi Masjala hadi chumbani kwake. Alifungua daftari, akaweka rula chini ya mstari ule.

"Miaka ishirini na saba," akasema. "Sijafuta hata nukta, bwana afya."

"Ni kwa ajili ya mama," nikamwambia.

Mimi ndiye niliyemwambia hivyo, mwanasheria hakuwepo. Akaifunga ile tatu ikawa nane. Aliifunga vizuri, kwa mkono uleule mzuri, kisha akaenda chooni akakaa humo mpaka saa ya kutoka kazini.

Kurasa zetu kumi na nne zikaenda ndani ya bahasha yake, na juu yake barua ya kueleza kwamba tulipokea yao tarehe nane. Nilianza hata kulala usingizi. Siku za mwizi ni arobaini. Zetu hazikufika kumi. Jibu lilirudi na nakala ya ukurasa mmoja wa kitabu cha askari wa pikipiki, kile kinachosainiwa na kila anayepokea barua. Kulikuwa na saini ya Bi Masjala, tarehe tatu. Askari alikuwa ameandika saa nne kamili. Bi Masjala akaikata, akasahihisha kwa mkono wake, saa nne na dakika kumi. Huyo ndiye Bi Masjala. Sisi watu wazima wanne tulikaa tukipanga udanganyifu na hakuna aliyekikumbuka kitabu cha askari, hata yeye aliyekisaini.

Maoni yetu yalirudishwa bila kufunguliwa, gundi ya bahasha bado nzima. Baraza limeridhia, barua ilisema, na tena limeghushi. Mabomu yabaki yalipofukiwa, visima vibaki na mafuta yake, maji yashuke yatakako. Maneno yetu hayakuwa na pa kusomewa. Kaya za uzioni zikapewa siku tisini.

Kamati ya nidhamu ilikaa Alhamisi. Mwanasheria alisema hajui lolote kuhusu tarehe nane. Mkurugenzi alikuwa mgeni bado. Kaimu alisema aliona madokezo, na kweli aliona. Mwenyekiti akaniuliza mimi kama nina la kuongeza. Nina watoto watatu shuleni na mke asiye na kazi, nikasema sina. Bi Masjala hakunitazama. Alipoulizwa nani alimwagiza, alijibu kwamba mkono ni wake. Wakamsimamisha kazi, wakampa barua, naye kwa mazoea akaigeuza kutafuta muhuri. Hakukuwa na mtu masjala wa kuugonga. Nilijichukia siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Jumamosi alinipigia simu, akaniomba nimsindikize kwa mama. Nilidhani amekosea namba. Alisema anataka awepo mtu wa ofisi, bibi kizee asije akadhani ni maneno ya watu.

Tulimkuta ameketi kizingitini, anashona mfuko wa turubai. Jirani yake, mwanamke mwenye watoto wanne ambaye nilishawahi kuchota maji ya kisima chake kuyapima, alikuwa anafua hatua chache kutoka pale, ametugeuzia mgongo. Nilimwamkia mama, akaitikia marahaba, akasogea ili binti yake apate nafasi.

"Mama," Bi Masjala akasema, "tutahama hapa. Wametupa siku tisini."

"Nani?"

"Serikali. Kambi inauzwa, mama, na hapa petu pamo. Waliandika barua kwanza, kuuliza kama tuna la kusema. Siku zikapita, hatukujibu."

Bibi kizee alisimamisha sindano. "Waliandika?"

"Waliandika."

"Kuhusu sisi? Watu wa hapa?"

"Ndiyo, mama. Barazani."

"Safari ile hawakuandika," alisema. "Lilikuja lori tu. Baba yako alikuwa shamba, nikapakia vyombo peke yangu." Akaichomeka sindano kwenye turubai. "Hiyo barua nani aliipokea?"

 Nilitamani ardhi inimeze. "Mimi, mama. Niliipokea mimi."

Sijui nilitazamia nini, pengine kilio, pengine laana. Bibi kizee akatabasamu, akampiga binti yake paja, na kabla hatujamzuia akapaza sauti. "Wewe jirani! Unasikia? Safari hii wametuheshimu, wametuandikia barua. Na aliyeipokea ni huyu mwanangu, kwa mkono wake mwenyewe!"

Jirani aliacha kufua. Aligeuka, mikono imejaa povu, akamtazama Bi Masjala kuanzia viatu mpaka usoni.

"Enhe," akasema taratibu. "Ukaipeleka wapi?"