Maji ya Malengelenge

Mapaja yangu yana mabaka meupe mpaka leo, na wajukuu wakiniuliza nawaambia nilipigana na sufuria la mtori, ile supu nzito ya ndizi, nikashindwa. Wanacheka. Wacheke tu, maana siku ile hakuna aliyecheka.

Nililelewa na bibi, mama mzazi wa mama yangu, kwenye shamba lake la kahawa na migomba juu ya Tengeru, Waingereza wakiwa bado wanatutawala. Mama alifariki aliponizaa. Alikuwa mtoto pekee wa bibi, nami nilikuwa mtoto pekee wa mama, kwa hiyo uzao wote wa yule bibi ulikuwa umebaki kwangu. Alikuwa akinisuka nywele huku akiniambia kwamba siku nikizaa binti nitampa jina la marehemu, na hapo mwanawe atakuwa amerudi nyumbani. Nilikuwa sijatimiza hata umri wa kwenda shule, lakini nilikuwa nimeshatumwa kazi hiyo.

Siku ya ajali nilikuwa nachochea moto. Sufuria liliteleza kwenye mafiga na mtori ukanimwagikia mapajani. Bibi alinibeba mbio hadi kwenye mfereji, akanimwagia maji baridi mpaka meno yakagongana, kisha akanilaza juu ya jani changa la mgomba alilolipitisha motoni likalainika, ili ngozi isigande kwenye mkeka. Nimeona hospitali nyingi baadaye, na nasema kweli, wachache wangefanya vizuri kuliko vile.

Tatizo lilikuja malengelenge yalipoota. Kwetu watu waliamini kwamba maji yale ni uchafu, sumu ya moto iliyoingia mwilini, na kwamba yasipotolewa yatazama ndani na kumuua mtu. Basi kila asubuhi bibi alichukua mwiba wa mlimau, akauchoma motoni, akatoboa na kukamua mpaka tone la mwisho. Maji yenyewe yalikuwa maangavu, yenye umanjano kidogo, na yalinata vidoleni. Kesho yake yalijaa tena, naye akayatoa tena. Nikipiga kelele ananiambia mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na huku machozi yanamtiririka. Jambo hilo liliniudhi sana. Kama alikuwa analia kwa vyovyote, si angeniacha?

Ng'ombe wetu alikuwa amekauka maziwa, kwa hiyo nilikula ndizi asubuhi na ndizi jioni. Baada ya muda uso wangu ukajaa, na miguu ikajaa pia hadi vifundo vikapotea. Bibi alifurahi kupita kiasi. Mtoto ananenepa! Aliwaita majirani waje kunitazama, nami nilikaa pale kama ndama wa maonyesho, nimechoka hata kushikilia kichwa. Siku ya soko alinibeba mgongoni akashuka nami hadi zahanati. Alitaka apewe kitambaa safi cha kunifunga, na nadhani alitaka pia asifiwe.

Dresa wa zahanati, yule aliyefunga vidonda na kutoa dawa, alikuwa Mmeru mwenzetu, mtu mpole aliyevaa kaptula ya kaki. Alimwamkia bibi, akasikiliza habari ya kunenepa kwangu, halafu akaweka kidole gumba juu ya mguu wangu, akabonyeza na kukitoa. Shimo likabaki. Sote watatu tulilitazama, na halikuwa na haraka ya kufutika.

Akamweleza bibi taratibu kwamba ule haukuwa unono, yalikuwa maji. Akauliza tulikuwa tunayafanyaje malengelenge, naye bibi akamsimulia yote, mpaka mwiba. Lilikuwa limebaki lengelenge moja lililojaa. Dresa alivuta maji yake kwa sindano, akayaweka kwenye kijiko, akakishika juu ya taa ya spiriti. Maji yakafifia, yakawa kama maziwa, kisha yakaganda meupe kwenye kijiko, kama ute wa yai kwenye kikaango. Bibi alisogea mpaka nikahofia ushungi wake utashika moto.

Dresa alisema kile cheupe kinaitwa albumini. Kimo katika damu ya kila mtu, na ndicho kinachoyashika maji yasitoke kwenye mishipa. Moto ukiunguza ngozi, mishipa inavuja na albumini inatoka pamoja na maji na kujaa kwenye lengelenge. Likiachwa limefunikwa, sehemu ya hiyo albumini hurudi mwilini. Likikamuliwa kila siku, na mtoto anakula ndizi tupu, hana cha kujengea nyingine, ndipo maji yanapotoroka na kwenda kukaa miguuni na usoni.

Bibi alikitazama kile kijiko. "Kumbe nilikuwa namkamua mtoto mwenyewe," akasema.

Dresa hakumlaumu. Alilisifu hata lile jani la mgomba. Kisha akasema nisitobolewe tena, na nipewe yai kila siku. Alipotamka yai aliinamisha macho, kwa sababu alijua anaomba nini. Kwetu msichana hakupewa yai. Msichana aliyekula mayai hazai. Mchungaji alikuwa ameshalihubiri jambo hilo kuwa ni ujinga, na bibi aliitikia vizuri sana kanisani, akarudi nyumbani akaendelea kuyapeleka mayai yote sokoni.

Alinibeba tena njia nzima ya kupanda. Nilisikia moyo wake ukipiga mgongoni. Sasa ndipo naelewa alichokuwa anapima: aniokoe mimi kwa yai, nikose kuzaa, na mama yangu asirudi tena.

Tulipofika alichemsha yai moja. Akalimenya, akalitia chumvi, akalishika kiganjani. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuonja yai maishani mwake. Akaling'ata kwanza, akakunja uso, akameza.

"Kama ni balaa, inianze mimi," akasema, akanipa lililobaki.

Nilipona. Nilikojoa siku kadhaa mfululizo, uso ukapungua, vifundo vikarudi, na kuku wetu wakapata heshima kubwa pale nyumbani.

Niliolewa Moshono, Waingereza wakiwa bado hawajaondoka, na miaka ikapita bila mtoto. Mawifi zangu walisema walichosema. Bibi hakuwahi kuniuliza. Kila nikienda kumsalimia alinitazama tumboni mara moja tu, akageukia mambo ya kahawa.

Siku moja nilipanda kwake nikiwa na habari. Kabla sijaketi vizuri, akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, kama ni lile yai, nisamehe," akasema. "Lakini ningekupa tena."

Nilimpenda siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu yeyote. Nikauchukua mkono wake nikauweka chini ya kitovu, nikauacha hapo mpaka akaelewa.

Hakupiga vigelegele. Aliinama kwa shida, akanivua kiatu, akaweka kidole gumba juu ya mguu wangu na kubonyeza. Alipokitoa, nyama ikarudi mahali pake. Akabonyeza tena, ikarudi tena.

"Huku ni kunenepa," akasema, akaenda kutazama kama kuku wametaga.