Mvinyo wa Mama Fidelis Ulipoanza Kuwa Siki

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa tangu wakati ule nimeona mengi. Nilikuwa bado kijana, nimeolewa kutoka Kiberege na kuletwa hapa Ifakara. Nilikuwa nimesimama uani kwa mama mkwe wangu, kikombe cha mvinyo wa mananasi mkononi, naye ananitazama usoni akingoja nimwambie ulivyo. Mvinyo ulikuwa umeharibika. Ulikwaruza koo kama siki, na ukishauma hivyo, nyuma yake kulikuwa na harufu ya kitambaa kilicholowa kikasahauliwa.

Kabla sijafungua mdomo, jirani yetu Mama Leokadia akapiga hodi, akaingia, akapewa kikombe chake. Akanywa. Akafuta midomo kwa upindo wa khanga, akasema, "Mama Fidelis, mikono yako haizeeki."

Mama akacheka kwa furaha. Mimi nikarudi jikoni na kikombe changu, na tangu saa ile sikutulia.

Uelewe kwanza huyu mama alikuwa nani. Fidelis, mume wangu, alikuwa mwanawe wa kwanza. Baba yao alifariki watoto wakiwa wadogo, na mama aliwalea kwa shamba la mpunga pamoja na ule mvinyo. Watu walivuka mto kwa kivuko kutoka upande wa Ulanga, maana daraja halikuwapo bado, wakaja kuagiza kwake mvinyo wa ubatizo na wa harusi. Hakuwa na kipimo. Aliinama juu ya ndoo akanusa, akasema, "Huu bado," au "Huu utolewe kwenye machicha leo, kesho utanuka mayai viza." Hakukosea.

Na binti yake, wifi yangu Adelina, alikuwa mtawa. Baada ya mavuno angeweka nadhiri za daima, na mama alishamwambia paroko na jumuiya nzima kwamba watakunywa mvinyo wake. Umeona sasa kwa nini sikutulia? Nilikuwa mgeni kwenye ile familia. Ningeanzaje kumwambia mama mkwe kwamba mvinyo wake haunyweki?

Nilimwambia Fidelis. Akaangalia pembeni. "Najua," akasema. "Hata ule wa Pasaka ulikuwa hivyo. Mwache tu, ni mtu mzima. Utamvunja moyo."

Basi nikaanza kutafuta kosa mwenyewe, kimyakimya. Nikafikiri ni maji ya kisima, nikawa nayachemsha kabla mama hajaamka. Mvinyo ukaendelea kuharibika. Nikafikiri ni mananasi yaliyoiva kupita kiasi, nikaenda sokoni nikachagua moja moja, nikaligeuza kila nanasi kutazama kitako chake kama kuna uozo. Wapi! Nikabadilisha hamira. Nikasugua ndoo kwa maji ya moto mpaka vidole vikababuka. Nikafunga vizuri kitambaa cha juu ili wale inzi wadogo wa matunda wasipenye. Nilikuwa natoka shamba kabla ya wenzangu, natembea haraka, naacha jembe mlangoni na kwenda kufunua ndoo. Ndoo zilikuwa sawa! Mvinyo ukiwa ndani ya ndoo ulinukia vizuri kabisa, nanasi na chachu basi. Ukishahamishiwa kwenye madumu, baada ya muda kidogo, siki.

Hapo ndipo nilipoutazama ule mpira. Mama alikuwa na kipande cha mpira wa maji, wa kunyonyea mvinyo kutoka kwenye ndoo kwenda kwenye dumu, ili machicha yabaki chini. Ulining'inia kwenye msumari ukutani. Nikautoa, nikauweka puani, nikarudi nyuma hatua nzima. Ndani ulikuwa na utelezi, na harufu yake ndiyo ile ile ya kikombe. Kila alipohamisha mvinyo safi, aliupitisha kwenye uchafu ule.

Nikafurahi, mwanangu. Nilidhani yamekwisha. Nikamkimbilia mama pale alipokuwa anapepeta mchele. "Mama, hebu nusa huu mpira."

Akaupokea, akaunusa kwa utaratibu, kama alivyozoea kunusa kila kitu. Akanirudishia.

"Safi," akasema. "Una nini?"

Nilitamani kuuchukua ule mpira, niutupe, ninunue mwingine, nisiseme neno tena maisha yangu yote. Lakini nilimfikiria akiwa mbele ya wageni wa Adelina, anagawa vikombe huku anatabasamu. Nikapiga magoti.

"Mama, unisamehe. Huu mpira unanuka vibaya sana. Na mvinyo umekuwa siki tangu Pasaka."

Mama aliweka ungo chini, akaenda jikoni. Nikamfuata. Akachukua kitunguu, akakipasua, akakiweka puani. Akachukua samaki mkavu. Akafungua chupa ya mafuta ya taa, akanusa, akanusa tena, akaiacha wazi. Kisha akakaa kwenye kigoda.

"Sisikii harufu yoyote. Ni ile homa iliyonilaza masika," akasema polepole. "Nilipopona nikaona chakula hakina ladha. Nikajua ni uzee, sikumwambia mtu."

Sikujua nifanye nini, nikafunga chupa ya mafuta ya taa. Yeye akaniambia niende nikamwite Fidelis na Mama Leokadia.

Walipofika hakupaza sauti. Alimgeukia jirani. "Ule wa Pasaka uliunywa?"

"Niliunywa."

"Ulikuwaje?"

Mama Leokadia akatazama chini. "Ulikuwa mchachu, dada."

"Ukafanya nini na ule niliokupa uende nao nyumbani?"

"Tuliumwaga kwenye migomba."

Mama akamtazama mwanawe. "Na wewe?"

Fidelis akasema, "Mama, tulikuwa tunakuheshimu."

"Hapana," akasema. "Mlikuwa mnajihurumia wenyewe. Mngeniambia, ningeona aibu hapa uani, ninyi na mimi, yakaisha. Mkanyamaza, mkaniacha niuze uozo kwa watu wanaoniamini. Huyu mtoto amekuja juzi tu hapa nyumbani. Yeye ndiye amenitendea kama mama yake."

Fidelis alilia, mtu mzima yule.

Tuliutupa mpira, tukanunua mwingine, na kila tulipoutumia tuliupitisha maji ya moto na kuukausha ukiwa umenyooka. Mama alifanya kazi kwa mikono yake, mimi nikawa pua yake. Niliinama juu ya ndoo, namwambia, "Mama, huu unaanza kunuka yai." Ananiambia la kufanya. Lakini hata hivyo hakutulia, na mimi sikutulia. Kila nilipomwambia ni mzuri, alinitazama machoni kwa muda mrefu. Alikuwa amedanganywa na watu wake, hakujua tena amwamini nani.

Siku ya nadhiri ikafika. Baada ya misa, mama alimkataza mgeni yeyote kunywa kabla ya binti yake. Akampa Adelina kikombe. "Sista, sema kweli."

Adelina alionja, akafikiri. "Mzuri, Mama," akasema. "Ila sukari imezidi kidogo."

Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Imezidi!" akawaambia watu. "Mmesikia? Sukari imezidi! Haya, kunyweni."

Pua yake haikurudi mpaka Mungu alipomwita. Lakini mvinyo wake uliendelea kunywewa kila penye sherehe.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, wewe unayepika, unayejenga, unayeimba, na wewe unayepewa kuonja kazi ya mwenzio. Ukiona kosa kwa mtu unayemheshimu, usimsifie ukamwaga nyuma ya nyumba. Mfuate akiwa peke yake, piga magoti ikibidi, umwambie mapema, ukae naye mtafute lilipo. Na siku wewe utakapoambiwa, usimchukie aliyekuambia.

Mungu akupe watu wa kukwambia kweli, na ulimi wa kuisema kwa upole. Akulinde shambani na njiani, na meza yako isikose wageni.