Korongo wa Kampala na Benchi la Tabaka

Nakumbuka siku ile, mwanangu, kama ni jana: mimi bado kijana, miaka ile ya sitini, niko sokoni Kampala, kamera ya sanduku imening'inia shingoni, nawakimbiza ndege.

Lakini kwanza nikwambie ni nani alinifikisha huko. Ni Makori. Jina lake nalitaja, na akitaka aje aniulize. Mimi ni wa Manga, kwetu ni ndizi na chai. Nilioa Tabaka, kijiji cha wachonga mawe, nikataka kuchonga kama shemeji zangu. Makori, aliyekuwa mkubwa wa wachongaji, akanijibu mbele ya wanawake waliokuwa wakisugua vinyago kwa msasa, "Mtu wa Manga, jiwe halipaliliwi. Wewe beba tu." Benchi lote la wachongaji likacheka.

Nikabeba. Nilibeba vinyago vya tajiri mmoja, nikafuatana naye hadi Uganda, na huko ndiko nikawaona: korongo wenye upara, warefu kunifika kifuani, wamesimama kwenye takataka katikati ya watu kama wazee wenye makoti wanaongoja baraza. Nikajua hapo hapo nitachonga nini. Tabaka nzima ilichonga kiboko na tembo, kiboko na tembo. Ndege huyu hakuna aliyekuwa naye. Lakini kichwa husahau, ndipo nikamwomba tajiri kamera yake.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nikikaribia, wanasogea. Nikikimbia, wanarukia juu ya mabati. Mama mmoja muuza matumbo alinitazama mpaka akachoka.

"Sebo, bwana wangu, unamfukuza wa nini? Huyo haogopi mtu. Anaogopa mtu anayemtaka. Kaa."

Nikakaa kando ya ndoo yake, nikajifanya sina shida na mtu. Mmoja akaja mwenyewe, polepole, akanisimamia kama askari anayedai kipande cha kitambulisho. Nikampiga picha ya mbele. Akageuka kuangalia ndoo, nikampiga ya ubavu. Mchongaji anataka pande zote, na ndege yule alinipa zote bila kujali.

Nyumbani nilichongea nyuma ya jiko. Ile miguu myembamba ilivunjika na kuvunjika, jiwe letu ni laini, mpaka nilipoiacha imeshikana na jiwe la chini, likawa lundo la takataka analosimama juu yake. Makori alipoona picha akasema hakuna ndege kama huyo duniani, huyo ni mwalimu mzee amevaa koti. Tajiri hakumsikiliza. Alichukua korongo wangu wote, akataka wengine, akasema kiboko apumzike.

Basi Makori akaja mwenyewe, kofia mkononi, kuomba picha aige.

"Nitakuazima," nikamwambia. "Lakini utaitazamia pale benchini, nimekaa kando yako. Na utanisogezea nafasi."

Kesho yake pale benchini akasogea, watu wote wakiona. Sijamsamehe bado, Mungu anajua. Lakini nachonga.

Mwanangu, atakayekufungia mlango usimbembeleze. Tembea, ukaone ambacho yeye hajakiona. Ukikiona tulia, maana pupa hufukuza hata kilichokuwa njiani kuja kwako. Na ukirudi nacho, dai nafasi yako kwa sauti ya kawaida. Hakuna haja ya kupiga kelele. Mungu akupe macho yanayoona na mikono isiyotetemeka, na kila safari ikurudishe kwenu ukiwa na kitu cha kuonyesha.